Kibaba cha Mfuto

Kipimo cha kwanza ni mizani ya mlangoni.
Navua viatu, navua mkoba, navua hata bangili.
Sista Mbodze anasoma: sitini na moja na nusu.
Uzito wangu mkavu ni hamsini na tisa.
"Bi Esha, umekunywa."
Nimekunywa. Malindi, mwezi wa pili, nani hakunywa?
Kilo mbili na nusu za maji nimezibeba
tangu Shela kwa miguu, kama mzigo wa mtu
aliyesema anarudi kuuchukua.

Kiti cha tatu, kando ya dirisha lisilofunguka.
Sindano mbili: moja inatoa, moja inarejesha.
Mkono wangu wa kushoto unavuma chini ya ngozi
tangu walipounga mshipa na mshipa.
Usiku nauweka sikioni,
nasikia kinu kinasaga, wala hakuna unga.

Nimeuza nafaka miaka thelathini na minne.
Najua kibaba cha tele, najua kibaba cha mfuto,
na najua mkono unavyoweza kuupitia mdomo wa kopo
ukachukua punje zisizo zake.
Kwa hiyo nilimwelewa Sista alipopunguza pampu,
akahesabu kimya hadi kumi na tano
ndipo akavuta damu ya mwisho.
"Nikifanya haraka," alisema, "itatudanganya.
Itajibu damu iliyotoka kuoga sasa hivi,
ile ya mwilini bado haijaulizwa."

Urea kabla: ishirini na nane.
Urea baadaye: kumi na moja.
Toa, gawanya.
Asilimia sitini na kidogo.
"Tunataka sitini na tano kwenda juu."
"Sitini si nyingi?"
Hakunijibu. Aligeuza daftari, akanionyesha saa:
ingia saa mbili, toka saa tano na nusu.
Ingia saa mbili, toka saa tano na nusu.
Mwezi mzima, nusu saa imekatwa,
na sahihi ya anayekata ni yangu.

Lori la mahindi hufika saa sita kasoro.

Sasa niseme nisilomwambia mtu.
Mwaka ule wa njaa, kopo langu la kibaba
nililibonyeza kitako kwa kisigino.
Kidogo tu. Kwa nje huoni.
Watu walishika foleni, wakashukuru,
wakaenda kupika kilichopungua.
Sisemi figo zimekuja kulipiza.
Daktari amesema ni presha, nami naamini presha.
Nasema tu kwamba nilipoiona ile sitini
niliitambua. Ilikuwa na kitako cha kopo langu.

Chengo wa Gongoni, kiti cha nne,
amechota chumvi ya matajiri miaka kumi na miwili,
leo haruhusiwi hata chembe.
Karatasi yake inasema sabini na moja.
Sabini na moja! Nilimwonea wivu.
Lakini Chengo huja Jumanne;
Ijumaa, nauli ikipatikana.
Akiketi, damu yake husafika kuliko yetu sote.
Asipoketi, hakuna wa kutoa wala kugawanya.
Kiti kitupu hakina asilimia.
Sista hukitandika shuka, kisha hulitandua.

Wamenibadilishia chujio, wakaongeza kasi ya damu.
Wiki iliyopita: sitini na nane.
Sista aliandika kwa wino mwekundu, akacheka.
Mimi pia nilicheka.
Nyumbani nina ngazi tisa;
nilipumzika kwenye ya tano,
nikaiwazia ile sitini na nane
kama hundi ya benki iliyofungwa.

Jana nililitoa lile kopo darini,
nikaligonga kwa mchi kutoka ndani.
Halikunyooka lote.
Nililijaza choroko, nikalimwaga, nikalijaza tena,
sikupata kujua nawadaiwa wangapi.

Saa tano na nusu.
Simu inatetemeka mkobani: ni kijana wa lori.
Sista ananitazama, hasemi kitu.
Chengo leo hayupo.
Dafu natamani, dafu moja tu, na limekatazwa.
Nusu saa ni ndefu kuliko saa tatu zilizopita.
Nimekaa.